Kipindi cha Muziki ni cha Darasa Zima

(Maneno ya Kamati ya Elimu katika mkutano wa mwaka wa kuchangia maendeleo ya nyumbani)



Tangu asubuhi baadhi yenu mnatuuliza: kwaya iko wapi? Mmezoea kwamba mgeni rasmi akishuka garini anakuta watoto thelathini wamejipanga, mashati meupe, mwalimu mbele yao ameinua mikono, na ndani ya wimbo limo jina la mgeni. Leo mmepokewa na darasa zima la nne, watoto sabini na kitu, wengine peku, wakiwa na ngoma mbili na madebe. Wimbo wao haukumtaja mgeni yeyote. Ulihusu mbuzi aliyekula daftari la hesabu. Waliutunga wenyewe kwa wiki mbili, na mzozo mkubwa, tunaambiwa, ulikuwa kama mbuzi afe mwishoni au apewe zawadi kwa kuwaokoa na mtihani. Tumewaleta hao badala ya kwaya kwa makusudi kabisa, na ombi letu la mwaka huu linatokana nao.

Ombi lenyewe tuliseme mapema ili asiyekuwa na muda ajue. Tunaomba mchango wa kupeleka ngoma, kayamba na marimba katika shule nne za msingi za kuanzia: mbili huku uwandani, moja bonde la Rukwa na moja upande wa Ziwa Tanganyika. Tunaomba pia nauli na posho za wazee wanaojua ngoma, waje kufundisha, na gharama za kuwakutanisha walimu siku chache kila likizo. Hatuombi kinanda. Hatuombi sare za kwaya. Tunajua wapo waliokwisha kuahidi kinanda, nasi tunawashukuru. Tunawaomba watusikilize kidogo kabla hawajafika dukani.

Mwaka huu tulipita katika shule kadhaa za nyumbani, tukakaa nyuma ya madarasa. Muziki upo, ila ni wa wachache. Kwaya inapoundwa, mwalimu hupita mbele ya mstari, anasogeza sikio kwenye mdomo wa kila mtoto: wewe baki, wewe kaa. Waliobaki wanafanya mazoezi. Waliokaa wanapewa mafagio. Baadaye waliobaki wanachujwa mara ya pili, safari hii bila mtu kusikiliza sauti, kwa sababu kuna sare ya kununua, na mzazi ambaye bado hajauza mahindi hana hela ya shati la pili. Ada imefutwa, lakini shati la kwaya halikufutwa.

Tulimkuta mtoto mmoja wa kiume wa darasa la tano ambaye hajaimba tangu darasa la pili. Hata wimbo wa taifa anachezesha midomo tu. Tulipomuuliza alijibu kwa adabu kabisa, kama mtu anayetaja ukoo wake: "Mimi sina sauti." Aliambiwa hivyo akiwa na miaka minane, akaamini. Sasa mwaka 2017 watafiti wawili wa Kanada, Isabelle Peretz na Dominique Vuvan, walichapisha matokeo ya kuwapima maelfu ya watu ili wajue ni wangapi kweli hawawezi kutofautisha sauti za muziki tangu kuzaliwa. Walipata kama mtu mmoja na nusu katika kila mia. Kwa darasa la watoto themanini, huyo ni mtoto mmoja, pengine wawili. Waliopewa mafagio siku ile walikuwa hamsini.

Kuna na wale ambao hata mstari hawaupangi. Mtoto asiyesikia huambiwa aende akacheze, maana muziki utamsaidia nini? Mtoto mwenye ualbino husimamishwa juani saa sita pamoja na wenzake, au huachwa ndani kabisa, na maneno ya wimbo yako ubaoni kwa maandishi madogo asiyoyaona. Mtoto mwenye mguu mbovu hawezi kuingia kwenye hatua za ngoma, kwa hiyo ngoma nayo hapewi. Wasichana wanaimba na kucheza, lakini ngoma ni ya wavulana. Ukiuliza kwa nini, jibu ni kwamba ndivyo ilivyo. Tuwaambie kwamba huko Ugogoni ngoma za muheme hupigwa na akina mama, nao huzipiga wamezibana kwa mapaja, wakiruka nazo, wala hakuna mwanamume anayewafundisha. Kwa hiyo si maumbile yanayomzuia msichana wa Nkasi kupiga ngoma. Ni ratiba yetu tu.

Kuhusu asiyesikia, tusikimbilie kusema haiwezekani. Yupo mwanamke wa Uskoti, Evelyn Glennie, aliyepoteza sehemu kubwa ya usikivu wake akiwa bado mtoto, na amekuwa mpigaji ngoma anayejulikana dunia nzima. Jukwaani huvua viatu ili mtetemo umfikie kupitia miguuni. Mtoto wetu wa Kalambo hahitaji jukwaa. Aketishwe karibu na ngoma kubwa kuliko zote, kiganja kwenye ubao wake, na baada ya wiki chache apewe ile ngoma ya kushika mwendo, ile isiyobadilika. Walimu wawili tuliozungumza nao wameshajaribu, na wanasema tatizo lao lilikuwa kumnyang'anya ngoma kipindi kilipokwisha. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na kifungu chake cha 30 kinazungumzia haki ya mtu mwenye ulemavu kukuza uwezo wake wa sanaa na ubunifu. Sheria yetu ya Watu Wenye Ulemavu ikafuata mwaka 2010. Hatuyasemi haya ili kumtisha mwalimu. Tunayasema kwa sababu kuna wakati tunadhani tunawafanyia watoto hawa hisani.

Tuje kwenye kutunga, maana kumwingiza kila mtoto halafu wote wakariri wimbo uleule wa kumkaribisha mkuu wa wilaya bado ni nusu ya kazi.

Wengi wenu hapa mmeimba kwaya kwa solfa: do, re, mi, ubaoni, fimbo ikionyesha. Wapo wanaotuambia kwamba muziki wa kweli ndio huo na ngoma ni mchezo. Basi tuwakumbushe solfa ilikotoka. Ilianza kwa mwalimu mmoja mwanamke wa mji wa Norwich, Uingereza, Sarah Glover, aliyetaka watoto waweze kuimba bila kupitia zile nota ngumu za mistari mitano. Mchungaji John Curwen akaichukua katika miaka ya 1840, akaipanua kwa ajili ya watoto wa shule za Jumapili na wafanyakazi wasio na fedha za kumlipa mwalimu wa muziki. Ilikuwa mlango wa maskini kuingilia. Wamisionari wakaisambaza Afrika, na ni kwa solfa hiyo kwamba mwaka 1897 mwalimu wa shule karibu na Johannesburg, Enoch Sontonga, aliandika wimbo kwa ajili ya wanafunzi wake. Sauti yake ndiyo tunayosimama nayo leo tunapoimba Mungu Ibariki Afrika. Hebu fikirini: wimbo wa taifa letu ulianza kama kazi ya mwalimu aliyetungia darasa lake. Sontonga hakusubiri wimbo utoke wizarani.

Kwa hiyo solfa hatuigombi. Anayeijua aifundishe. Tunachokataa ni kuigeuza kuwa lango lenye mlinzi.

Na kutunga watoto wetu wanajua tayari, sema hatukuwa tunakuhesabu. Nani kati yenu hakukimbia mchakamchaka? Alfajiri ya Juni, baridi ya Ufipa inauma masikio, vumbi, mmoja anaanzisha na shule nzima inaitikia. Zile nyimbo zilitungwa na nani? Na sisi. Mwalimu wa zamu mkali akitiwa ndani kwa fumbo, uji uliokosa sukari ukitiwa ndani, timu ya shule jirani ikitiwa ndani, na asubuhi inayofuata kuna ubeti mpya. Hakuna aliyepimwa sauti. Aliyekuwa na sauti ya chura aliitikia na chura wake, na wimbo ulikwenda. Kama tungetafuta mfano wa muziki wa shule unaobeba watoto wengi na kuwaachia watunge, tusingehitaji kwenda mbali kuliko barabara ya shuleni kwetu. Kasoro yake ni moja: lazima uwe na miguu ya kukimbia. Tukiuleta ule mwendo ndani ya darasa, tukauwekea ngoma, kasoro hiyo inaondoka.

Kosa lingine la kudhani ni kwamba ngoma za asili zikipigwa shuleni basi ubunifu umepatikana. Mwalimu Nyerere, alipolihutubia Bunge tarehe 10 Desemba 1962 na kutangaza Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alilalamika kwamba ukoloni ulitufanya tuzijue dansi za Ulaya na kuzionea haya ngoma zetu. Alisema kweli, na mengi mazuri yalifuata. Lakini kadiri miaka ilivyokwenda, ngoma shuleni zikawa za kupokelea. Mwenge ukija, ngoma. Mahafali ya darasa la saba, ngoma na ngonjera. Kiongozi akizindua zahanati, ngoma. Watoto walewale ishirini, mtindo uleule, dakika tano, kisha risala. Mabibi zetu waliocheza nsimba hawakuwa wakimpokea mtu. Walikuwa na mambo yao ya kusema, na ngoma ndiyo ilikuwa njia ya kuyasema, mengine makali ambayo mchana hayasemeki.

Hapo pana jambo dogo la lugha ambalo sisi tunalipenda. Kifipa, kama ndugu zake wengi wa Kibantu, hupandisha na kushusha sauti ndani ya neno lenyewe. Kiswahili hakifanyi hivyo. Ukichukua sauti ya wimbo wa kigeni ukaipachika maneno ya Kifipa, mara nyingi neno linapanda pale linapopaswa kushuka, na bibi anayesikiliza anacheka au haelewi. Mtoto anapotunga mwenyewe kwa Kifipa, neno ndilo linalomwonyesha wimbo uende wapi. Hilo ni somo zima la muziki na halina gharama yoyote. Mwaka 1978 Roy Willis, mtaalamu Mwingereza aliyeishi huku Ufipa miaka ya 1960, alichapisha kitabu kizima kuhusu sanaa ya masimulizi ya Wafipa. Kipo kwenye maktaba za vyuo vikuu vya Ulaya. Watoto wa darasa la nne mliowaona asubuhi wengi wao hawajawahi kusimuliwa hadithi hata moja kwa Kifipa.

Hata hivyo, ndugu zetu, hatutaki mradi wa Kifipa peke yake, na hili tunalisema wazi kwa sababu katika vikao vya maandalizi lilizua maneno. Shuleni bonde la Rukwa, katika darasa moja utakuta Wafipa, Wasukuma, Wanyika, Wawanda. Juu huku na kule Kalambo utakuta Wamambwe na Walungu. Wasukuma wamekuja na ng'ombe wao na ngoma zao, ikiwemo ile ya majembe, bugobogobo, na watoto wao wanaijua. Wazazi wanaweza kuwa wanagombania malisho na mashamba. Hilo lina vikao vyake. Darasani mtoto wa Kisukuma atafundisha mwendo wa bugobogobo na mtoto wa Kifipa atatafuta namna ya kuuingiza kwenye wimbo wake, na wakishindwa kuelewana itakuwa ni kuhusu ngoma. Fedha ya chama hiki ikinunua ngoma halafu nusu ya darasa ikae pembeni kwa sababu si wa kabila letu, tutakuwa tumenunua mafagio tu.

Sasa, kwa nini mwaka huu? Kwa sababu kipindi kipo kwenye ratiba. Mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023, ulioanza kutumika Januari 2024, umeweka somo la Sanaa na Michezo kwa madarasa ya juu ya msingi. Halikuwa jambo geni kabisa, tulikuwa na Haiba na Michezo kabla yake, ila safari hii sanaa imetajwa kwa jina na sekondari nazo zina mkondo wa amali ambao sanaa imo. Mwalimu ana kitabu. Ana dakika arobaini. Hana ngoma, na mara nyingi hajawahi kufundishwa muziki, kwa sababu walimu wa fani hiyo kwa miaka mingi wametoka Chuo cha Ualimu Butimba kule Mwanza, nao ni wachache mno kwa nchi nzima. Tulimkuta mwalimu wa kike, mchapakazi, anayefundisha hisabati, sayansi na Sanaa na Michezo. Kipindi cha muziki aliandika ubaoni maana ya muziki, watoto wakanakili. Halafu akawaambia wakariri aina nne za ala. Hatumlaumu hata kidogo. Umpe mtu somo la kupika bila sufuria, atafundisha maana ya kupika.

Sufuria ndiyo tunayoichangia. Mpishi naye yupo, ila hana cheti. Kila kijiji chetu kina mzee au bibi anayejua kupiga, na tunawaangalia wakiondoka mmoja mmoja. Wanaosema asiye na cheti asisimame mbele ya darasa wakumbuke Hukwe Zawose wa Ugogoni, aliyeingia Bagamoyo akiwa na zeze na ilimba, akawafundisha wasomi katika Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa pale 1981, hicho ambacho sasa ni TaSUBa. Unguja nako, Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanza mwanzoni mwa miaka ya 2000, kimewaweka mafundi wakongwe wa taarabu na ngoma kuwa walimu, na vijana wanajifunza nota na masikio kwa pamoja. Mzee wetu atakuja na mwalimu wa darasa akiwa palepale. Mwalimu anajua kutuliza watoto themanini, mzee anajua ngoma. Na mzee alipwe. Tumechoka na tabia ya kuwaita wazee, wakapiga kutwa nzima, kisha wakapewa soda.

Tunajua swali lililo mioyoni mwa baadhi ya wazazi, hasa wa makanisa ya kilokole, na kwa mji ambao jina lake lenyewe linasimuliwa kuwa ni amri ya kutupa uchawi, si swali la kubeza: ngoma si mambo ya mizimu? Wazee wa Kikatoliki hapa wanakumbuka wakati ngoma haikuvuka mlango wa kanisa. Mwaka 1963 Padre Stephen Mbunga, Mtanzania mwenzetu, alichapisha kitabu kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu, akitafuta nafasi ya muziki wetu katika ibada. Desemba ya mwaka huohuo Mtaguso wa Vatikani ukapitisha waraka wa liturujia unaotaka muziki wa asili wa watu upewe heshima yake. Leo Jumapili ngoma ziko mbele, karibu na altare, na hakuna aliyepandwa na kitu. Kwa shule tumekubaliana hivi: nyimbo za matambiko hazitafundishwa, mzazi anaruhusiwa kuja kukaa darasani siku yoyote, na mtoto ambaye mzazi wake amekataza wimbo fulani atatunga mwingine. Kutunga kuna faida hiyo pia.

Swali la pili ni la ufaulu. Mjumbe mmoja wa Dar es Salaam alitupigia simu akasema, kwa lugha ya upole kuliko hii tunayoitumia, kwamba mkoa unahitaji madawati na walimu wa hisabati, sisi tunapeleka ngoma. Tungeweza kumjibu kwamba muziki huongeza akili. Watu huuza muziki hivyo. Mwaka 1993 watafiti wa California waliwasikilizisha wanafunzi wa chuo muziki wa Mozart kwa dakika kumi, wakaona wamefanya vizuri zaidi kidogo kwenye zoezi fulani la maumbo, kwa robo saa hivi. Magazeti yakageuza habari hiyo kuwa Mozart huwafanya watoto wawe na akili, na kaseti zikauzwa sana. Wengine walipolirudia jaribio, walipata kidogo sana au hawakupata kitu. Kwa hiyo hatutakuahidini alama za hisabati kwa kupiga ngoma. Madawati yako kwenye ukurasa mwingine wa kitabu hiki, na yachangieni. Ngoma tunaziomba kwa ajili ya ngoma: kwa sababu somo lipo, watoto wapo, wenye kulijua wako hai mwaka huu, na yule mtoto wa darasa la tano anachezesha midomo kila asubuhi bendera inapopandishwa.

Tueleze fedha zitakavyotumika, maana mnatuamini lakini mnahesabu.

Kila shule itapata ngoma sita za ukubwa tofauti. Hatutanunua zile za mapambo zinazouzwa kwa watalii. Mafundi wetu wapo, ila uwanda wetu, kama mjuavyo, ni nyasi na upepo, magogo makubwa hayapatikani. Yatatoka kwenye miombo ya mabondeni kwa kibali cha misitu, na kwa kila gogo shule itapanda miti ishirini na kuitunza. Wanachama wenye ng'ombe tunaomba ngozi. Msitupe hela kama ngozi ipo, ngozi ina manufaa zaidi. Kayamba watoto watatengeneza wenyewe kwa matete na mbegu, na kwa madebe hakuna haja ya mchango, madebe yapo tele. Marimba moja kwa kila shule itatosha kuanzia. Kwa bei ya kinanda kimoja cha umeme, na umeme wenyewe shule hizi hazina wa uhakika, tunaweka ala mikononi mwa watoto wengi, na kikipasuka kitu fundi yuko kijijini.

Ala zitakaa darasani. Zisifungiwe ofisini kwa mwalimu mkuu pamoja na vikombe vya mpira. Ngoma iliyofungiwa hupasuka kwa ukavu wa Agosti na hakuna mtu anayejua. Shule itakayopokea itakubali masharti yetu kwa maandishi. Hakuna mtoto atakayetolewa kipindini kwa sababu ya sauti yake. Wasichana watapiga ngoma zote kwa zamu, pamoja na ile kubwa. Mtoto mwenye ulemavu atakuwa na ala yake au nafasi yake ya kuongoza, na mazoezi yatafanyika kivulini. Hakuna sare. Na kila muhula kila darasa litatunga wimbo wake mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, mwalimu akikaa kimya kadiri anavyoweza. Kwaya ya shule haifutwi; anayependa kwaya aingie, na mashindano ya UMITASHUMTA yana nafasi ya kwaya na ngoma, tutafurahi shule zetu zikienda. Lakini ala za mfuko huu ni za kipindi cha darasa kwanza.

Kamati itarudi kwenye kila shule mara mbili kwa mwaka, bila kutoa taarifa. Hatutauliza mmeshinda kikombe gani. Tutahesabu watoto walioketi bila kitu mkononi na bila kufungua kinywa, tutaandika idadi hiyo, na mwakani mtaisoma katika kitabu hiki, shule kwa shule.

Jambo la mwisho halihusu fedha. Wengi wenu mna kaseti za zamani nyumbani, harusi za miaka ya sabini na themanini, sherehe za mavuno, misiba, sauti za mabibi ambao wameshatangulia. Zinaozea kwenye masanduku Tabata na Kimara. Zileteni, au mzitume kwa basi, na jina la mwimbaji na kijiji mkiandika juu kwa kalamu. Vijana wetu watazihamishia kwenye simu na kuwarudishia kaseti zenu. Mzee mmoja ameshatuletea tatu leo. Moja imekwama, na kijana anaihangaikia pale mlangoni kwa penseli. Fomu za ahadi ziko mezani kwa mweka hazina, upande wa kushoto mnapotoka, na wenye ngozi au magogo waandikishe kwa katibu kabla ya chakula.